Bafta ya Farasi Mweusi

Farasi tuliachiwa na mpangaji. Watu huachiwa na wapangaji wao kitanda kibovu, au umeme usiolipiwa, au mbwa. Sisi tukaachiwa farasi. Mpangaji mwenyewe alikuwa mhandisi wa kigeni aliyekuja na kazi ya barabara, akapanga nyumba yetu ya uani hapa Biharamulo, na siku moja akateremsha kwenye lori mnyama mweusi ambaye mtaa mzima ulitoka kumtazama. Alimpata upande wa Rwanda, alisema, kwa mtu aliyekuwa akihama. Kazi ya barabara ilipokwisha naye akahama, na farasi akabaki amesimama uani akitutazama. Baba akasema asiguswe, sasa ni wetu.

Mimi nilikataa. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye watu wa mtaani walikuja kusema farasi yule nilimleta mimi kwa mambo yangu. Mimi ndiye ninayefungua duka asubuhi na kulifunga jioni, ndiye ninayempikia baba tangu mama alipofariki, na sikuona nafasi ya mnyama wa ukubwa ule kati ya duka na jiko. Nilisema maneno mengi, mengine makali. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama farasi ameshapewa maji.

Sisi ni watu wa nguo. Babu yake baba alipanda kutoka pwani na marobota ya kaniki nyeusi na bafta nyeupe, yeye akitembea na marobota yakiwa vichwani mwa watu wengine, akaoa huku, akazikwa huku. Mpaka leo majirani wakitaka kutuchokoza hutuita Waswahili, ingawa Kisubi tunakisema tangu utotoni. Baba alirithi duka, na kwa miaka mingi alikuwa na duka la pili wilaya ya Ngara, kule Kasulo. Alikuwa na macho ya kuogopesha. Ukimletea kipande cha kitambaa anakuambia kiliwahi kukaa dirishani, na upande gani ulielekea jua. Wateja walikuja kumjaribu kwa mzaha na wakaondoka wameshika midomo.

Macho hayo yakaliwa na presha ya macho. Yaliliwa polepole, kutoka pembeni kuja katikati, na sisi hatukujua mpaka alipoanza kugonga milango. Daktari wa Mwanza alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki watajaribu kukishikilia kwa dawa. Kilichobaki kilikuwa giza na mwanga. Uso wangu hakuuona. Kitu cheupe mbele ya ukuta mweupe hakukiona. Lakini kitu cheusi kikisimama mbele ya kitu cheupe, hicho alikiona, na akikiona alikuwa anafurahi mpaka unamwonea huruma.

Sasa stoo yetu ya uani imepakwa chokaa, na barazani anapokaa baba baada ya chai ya saa nne pameielekea stoo. Farasi alipenda kusimama pale. Alikuwa jike, mweusi wote, hana hata doa, weusi ule wa kung'aa unaokaribia rangi ya bilinganya. Baba alikaa na kunieleza habari zake nikiwa jikoni. Amegeuka. Ameinamisha kichwa. Anafukuza nzi. Nikichungulia, ni kweli. Akasema, "Siku nikishindwa kumwona huyu, ndiyo mniletee fimbo na mtu wa kunishika mkono, kabla ya hapo sitaki kusikia." Na kweli alikuwa akienda msikitini mwenyewe, akihesabu kuta kwa kiganja, akija dukani mwenyewe kupapasa mzigo mpya. Kwa hiyo kwake farasi yule ndiye aliyekuwa mpaka kati ya mtu anayeona na kipofu. Nilipolielewa hilo nikaacha kelele zangu, nikaanza kutafuta nyasi.

Mhandisi, siku ya kuniachia kamba mkononi, alinionya mambo mawili. Sindano ya ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o, isikose, na jua la kiangazi lisimkute wazi mchana. Weusi wa namna ile, alisema, unaungua. Nilimcheka, tena mbele yake. Nimekulia hapa, nimeona jua likiunguza mahindi na viganja vya watu, sikuwa nimesikia linaunguza weusi.

Kiangazi kikaingia. Wasiotujua wadhani Kagera ni mvua na migomba tu; waje upande wetu mwezi wa saba. Nyasi zinakuwa nyeupe, watu wanachoma mapori kuelekea Burigi, moshi unakaa angani siku nzima, na jua linapita katikati ya moshi likiwa jekundu. Vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Katika vumbi lile ndipo nilipoanza kuona ncha za singa za farasi zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Nikadhani ni uchafu. Nikaosha, ikabaki. Baadaye rangi hiyo ikaingia mbavuni, kisha mgongoni, na weusi ukawa unarudi nyuma kutoka juu kwenda chini, mpaka ukabaki miguuni na kichwani. Sehemu nyingine zote alikuwa amekuwa kutu, rangi ileile ya udongo wa barabarani.

Mama mmoja wa Kisubi, mkulima, jirani yetu wa siku nyingi, ndiye aliyekuwa akituletea nyasi. Alitua mzigo wake, akamzunguka farasi kwa mbali.

"Falasi wenu anabadirika," akasema.

"Ni jua, dada."

"Jua hiri hiri? Mbona harijabadirisha ng'ombe wetu?"

Tangu siku hiyo akawa anatua nyasi mlangoni, haingii ndani.

Haikupita muda, baba akiwa barazani, nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo. Akaniuliza leo tumemfunga wapi. Farasi alikuwa mbele yake, hatua chache tu, amesimama palepale pa siku zote. Moshi na vumbi vilikuwa vimeufanya hata ukuta wa chokaa kuwa mwekundu kidogo, na yule mnyama alikuwa ameyeyukia humo. Nilisimama nimeshika mwiko. Farasi akapuliza pua. Baba akageuzia uso kwenye sauti, akauliza sasa ana rangi gani. Nikamwambia.

"Basi mrudishieni rangi yake," akasema.

Alisema vile alivyokuwa akisema dukani, na kwa kweli alilichukua jambo lile kama mtu wa dukani. Kwa baba, farasi alikuwa kaniki iliyoanikwa vibaya. Alinieleza kwamba nguo nyeusi inaharibiwa na jasho kwanza, jua linakuja kumalizia, kwa hiyo chumvi ya jasho itolewe kila jioni kwa maji. Nikawa naosha farasi jioni, mimi mtu mzima, wapita njia wakisimama ukutani kunipa pole. Tukamjengea kibanda cha nyasi. Akakitazama, akala paa, akarudi juani.

Halafu tukafanya kosa la kwetu, la watu wenye asili ya pwani. Kwetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu: nywele, mtoto mchanga, ukurutu, bawaba za mlango. Shangazi yetu wa pwani akatutumia dumu kwa basi, nikampaka farasi kuanzia masikioni hadi mkiani. Siku hiyo aling'aa mpaka baba akasema anamwona kidogo. Kesho yake jua likayapika yale mafuta juu ya mgongo wake. Uani kukanukia wali wa nazi, nyuki wakaja, vumbi likaganda, na nilipofanikiwa kumwosha, mgongo ulikuwa umetoka rangi ya karoti. Mama wa nyasi alicheka mlangoni mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Ikabidi avikwe. Nguo dukani zipo, lakini si kila nguo inafaa. Turubai lingempika. Kitambaa cheusi au cha buluu hapana, kwa sababu kila mtu wa huku anavijua vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyotundikwa porini: vinatundikwa kwa kuwa mbung'o wanazipenda rangi hizo, wavifuate, wafe kwa dawa iliyomo. Ukimvika mnyama buluu umemwitia mbung'o. Kilitakiwa kitu cheupe, cha pamba, chepesi, kinachopitisha upepo. Nilijua ni kipi, na nikanyamaza nikiomba baba asikumbuke.

"Bafta," akasema.

Bafta dukani kwetu ina rafu yake peke yake, chini, nyuma ya pazia. Haipangwi na nguo nyingine kwa sababu mteja wake haji kuchagua. Anakuja amenyamaza, anasema mwanamume au mwanamke, mtu mzima au mtoto, na baba alikuwa akijua la kufanya. Watoto wa duka lile tulikatazwa hata kuichezea. Nikamwambia baba hiyo ni nguo ya maiti. Akajibu kwamba nguo iliyo dukani haijawa ya mtu yeyote, niilete.

Nikaileta. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua likiwa jekundu. Nilimwekea jora mapajani na mkasi pembeni, na mkasi hakuugusa, kwa sababu bafta ile katika nyumba yetu haikatwi kwa chuma. Alipima kwa mkono, akatia jino ukingoni, akachana. Mchano wa bafta una sauti yake, ndefu na kavu, na ndani ya uani ule ilisikika mpaka barabarani. Farasi aliyekuwa anatafuna akaacha. Midomo ya baba ilikuwa inasoma, bila sauti, maneno aliyozoea kuyasoma kila anapochana. Akaweka kipande cha kwanza kando. Akachana cha pili. Alipofika cha tano akasimama, akakunja jora lililobaki, akalisukuma kwangu.

Vipande vitano ni sanda ya mwanamke.

"Baba," nikasema, "hii ni ya farasi."

"Najua ni ya farasi. Vuta uzi humohumo, ushone."

Sanda hushonwa kwa uzi uliovutwa kwenye nguo yenyewe, ndivyo tulivyofundishwa. Nikavuta uzi, nikashona. Nilijiambia kwamba ni mazoea ya mikono tu, kwamba mtu aliyechana maisha yake yote mikono yake haijui namna nyingine.

Nguo ilimkaa vizuri, hilo siwezi kulikana. Ilimfunika kuanzia nyuma ya masikio hadi mwanzo wa mkia, ikashuka pembeni mpaka chini ya tumbo. Hewa ilipita, jasho halikukaa, na nzi walipungua. Lakini mjini kwetu hakuna asiyeijua nguo ile. Wanawake waliokuwa wakikatisha nyuma ya stoo yetu kwenda kisimani wakaanza kuzunguka mbali. Watu waliingia dukani kuulizia msiba ni wa nani. Mzee mmoja alikuja kutoka Murukulazo, amefiwa na dada yake, anataka sanda. Nikiwa namtolea, akachungulia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, akaona kilichosimama uani. Alikitazama, akaitazama bafta mikononi mwangu, akaniaga kwa adabu zote, akaenda duka la ng'ambo. Hapo nikakasirika kwelikweli. Nikatoka mlangoni nikatangaza kwa yeyote anayepita kwamba ni farasi, jamani, ana vazi la jua. Waliopita waliongeza mwendo.

Baadaye nikasikia kinachosemwa. Wanasema tuna msukule. Kwamba yupo mtu tuliyemficha kabla hajafika kaburini, tumempa umbo la yule mnyama, na ndiyo maana rangi yake ilikuwa inabadilika: alikuwa bado hajakolea.

Mimi si mwoga, na simulizi za misukule huwa nazijibu kwa tusi dogo. Lakini niseme ukweli wa yale ya mchana. Mambo ya kutisha watu huyaweka usiku. Kwetu yalikuwa mchana kweupe, saa sita kuelekea saba, wakati kuku wamelala chini ya matanki na mtaa hauna sauti. Nikiinua macho kutoka kwenye karai la vyombo, nakuta kimesimama. Kitu kirefu, cheupe, mbele ya ukuta mweupe, hakitikisiki, kimeelekea barazani. Nguo inapanda kidogo na kushuka, inapumua. Najua ni farasi. Nimemvika kwa mkono wangu asubuhi. Na bado kila siku moyo ulinipiga paa, na ilibidi nitafute kwanza kwato kwa macho ndipo nirudi kwenye vyombo.

Baba hakuliona umbo lake siku hizo, labda kivuli cha kichwa tu, na tulikuwa tumekubaliana hivyo. Nilimwambia avumilie mpaka manyoya mapya yaote, tutamvua nguo mvua zikianza, atamwona kama zamani. Akasema amewahi kungoja mzigo wa Dar miezi, ataweza kungoja manyoya. Lakini aliendelea kukaa barazani, akielekea ukuta. Kisha akaanza kuvaa kanzu safi. Mchana, siku za kawaida, ananiomba kanzu na kofia, anajipaka mafuta ya udi kidogo kwenye mikono, anakaa wima. Nikamuuliza anangoja nani. Akasema hamngoji mtu.

Siku moja nilikuwa nachagua mchele jikoni nikamsikia anasema shikamoo.

Ungo ulinitoka mkononi. Baba ni mzee wa mwisho katika ukoo wetu hapa mjini. Wakubwa wake wote wamezikwa, msikitini yeye ndiye wa kuamkiwa, na nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake nilishindwa. Alilisema kwa sauti nyembamba, ya mtoto aliyefundishwa. Kisha akanyamaza, shingo ameinyoosha, kama mtu anayesikiliza kitu kidogo cha mbali. Akaitikia kwa kichwa.

"Sijambo, mama," akasema.

Mama yake alifia hapa Biharamulo, miaka ile wakimbizi walipofurika upande wa Ngara. Baba alikuwa Kasulo kwenye duka lake la pili, anachana bafta tangu asubuhi mpaka jioni, ya wakubwa na ya watoto, mpaka vidole vikachubuka. Habari ikamfikia asubuhi. Barabara ya kuja huku ilikuwa ya majambazi, magari yalikwenda kwa msafara na polisi mbele, na msafara wa siku ile ulichelewa. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakunywa kahawa. Sanda ya mama yake ilichanwa na mtu mwingine. Hakuwahi kulalamika mbele yetu, ila aliuza duka la Kasulo mwaka uleule, na mtu akitaja Ngara hubadili mazungumzo.

Kwa hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Macho yake yalibakiwa na giza na mwanga, na tulikuwa tumemsimamishia mbele yake kitu cheupe chenye kichwa cheusi, kimevikwa nguo ileile kwa mikono yake ileile. Akili ikajaza palipokosekana. Niliogopa. Niliogopa kwamba anapotea, na kwamba mimi ndiye niliyemshonea njia ya kupotelea. Nikampigia simu dada yangu Mwanza. Akanijibu mara moja, mvue huyo mnyama hiyo sanda leo hii.

Nilikwenda uani nimekusudia kuivua. Nikainua upindo mgongoni, na chini yake, katikati ya ule ukaroti, manyoya mapya yalikuwa yanaota. Meusi kama masizi, mafupi, yamebanana. Jua lilikuwa linawaka kichwani mwangu mpaka nasikia kizunguzungu. Nikimvua sasa, haya yataungua kama ya kwanza, na baba hatamwona tena, na ile fimbo itakuja, na mtu wa kumshika mkono. Nikimwacha, kila mchana baba ataendelea kumwamkia marehemu. Nilisimama pale nikaishusha nguo tena, nikaifunga kamba zake. Nilichagua macho.

Zikawa siku ngumu. Kila mchana, kanzu, kofia, udi, shikamoo, na ule ukimya wa kungoja. Nilijitahidi kuwa dukani saa hizo, lakini dukani kulikuwa hakuna wateja, na masikio hayana mlango. Na farasi naye. Baba akisema shikamoo, farasi hakumgeukia aliyesema. Masikio yake yalilala upande, kuelekea pembe ya stoo, na mara nyingine alipiga hatua moja kando, taratibu, vile mnyama mpole anavyompisha mtu. Nilijiambia ni mjusi, au ni panya wa stoo.

Mama wa nyasi alinikuta mlangoni siku moja, akaniuliza mzee anaongea na nani mchana kutwa. Nikamwambia anaongea na farasi.

"Heri awe falasi," akasema, akaenda zake.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa tisa, zikaja kwa radi na mchanga, kisha zikatulia zikawa mvua za kweli. Moshi ukaanguka. Ukuta wa stoo ukaoshwa ukarudia weupe wake. Asubuhi moja yenye mawingu nikafungua kamba, nikaivua bafta, nikaikunja na kuitia kwenye karai la sabuni. Nikamchana farasi kwa brashi muda mrefu, na manyoya ya zamani yakapukutika mafungu mafungu, mekundu, yakaelea kwenye madimbwi. Chini yake alikuwa mweusi wote. Nilimzunguka kutafuta doa, sikuliona. Nikaona jasho langu lote la jioni zile limelipa, nikaona pia kwamba hakuna tena kitu cheupe uani cha kumchanganya baba, na nikafurahi kwa mambo yote mawili pamoja. Nikamsimamisha mbele ya ukuta.

Baba alitoka mchana ule amevaa kanzu na kofia kama alivyozoea. Akakaa. Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nilitaka aone mwenyewe. Aliinua uso, akautafuta ukuta, akatulia. Farasi akatikisa kichwa.

"Amenenepa," baba akasema.

Nililia. Sikulia kwa kujizuia. Nililia kwa sauti, nimeegemea shingo ya mnyama niliyemkataa, na baba akanicheka akiuliza kama kunenepa kwa farasi ni msiba. Akanielekeza mwenyewe, mkia uko huku, kichwa kiko kule, masikio yamesimama. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilifikiri yamekwisha.

Kisha akaiweka kofia yake sawa, akakaa wima.

"Shikamoo," akasema.

Bafta ilikuwa kwenye karai, mbali, imelowa. Nikajiambia ni mazoea, ulimi unatembea njia yake ya kila siku, akikosa jibu ataacha. Lakini uso wake wa kungoja ulikuwa umenielekea, mdogo na safi, uso wa mtoto, na sikuweza kuvumilia kuona haujibiwi. Tangu nijue kusema nimemwamkia baba yangu kila asubuhi. Sijawahi kuipokea shikamoo yake, na hakuna mtoto anayeipokea. Nilipunguza sauti, nikaifanya ya mtu mzee.

"Marahaba," nikasema.

Baba alitabasamu, akatikisa kichwa polepole.

"Sikukuamkia wewe, mwanangu," akasema. "Farasi namwona vizuri, Mungu akulipe. Na wewe nakuona kidogo, una kitu cheusi begani. Sogea hapo ulipo, umemziba mama."

Begani nilikuwa na ushungi wangu mweusi. Nikasogea.